Bhutan na Wageni Wake

Katika methali yetu mgeni hukaa siku mbili bure, na siku ya tatu hupewa jembe. Katika nchi ya Bhutan mgeni hudaiwa tangu usiku wa kwanza, tena kabla hajafika, kwani asiyelipa hapewi viza. Utaratibu huo, uliotimiza miaka 50 mwaka 2024, umesifiwa sana ulimwenguni, nasi twakiri kwamba una mengi ya kusifiwa. Lakini aghalabu husimuliwa nusu. Katika makala hii tunakusudia kuisimulia na nusu ya pili, ambayo pengine yatuhusu sisi walimu wa lugha kuliko watu wengine.

Bhutan imo katika milima ya Himalaya, kati ya India na China. Eneo lake ni kilomita za mraba 38,000 hivi, yaani ni kubwa kuliko Rwanda au Burundi, lakini watu wake hawafiki 800,000. Kwa karne nyingi milima yenyewe ndiyo iliyokuwa ukuta na bawabu. Waziri Mkuu wa India, Jawaharlal Nehru, alipoizuru mwaka 1958 hakukuwa na barabara ya magari. Ilimbidi apitie Tibet, akipanda farasi na yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu. Mwaka uliofuata watu wa Tibet waliasi, jeshi la China likayazima maasi hayo, nayo Bhutan ikaufunga mpaka wake wa kaskazini na kugeuza uso kuelekea India. Barabara ya kwanza kutoka kusini ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya sitini, na mwaka 1971 nchi hiyo ikaingia Umoja wa Mataifa.

Hapo historia yao yaigusa Afrika ya Mashariki kwa namna ambayo wachache wetu waijua. Mfalme wao wa tatu, Jigme Dorji Wangchuck, aliyeitoa nchi yake upwekeni, alifia Nairobi mwezi wa Julai 1972. Mwanawe, Jigme Singye Wangchuck, alirithi ufalme akiwa kijana wa miaka 16, akatawazwa rasmi mwezi wa Juni 1974. Kwa ajili ya sherehe hizo serikali ilijenga nyumba za kuwapokea wajumbe wa nchi za nje. Sherehe zikaisha, wajumbe wakaondoka, vitanda vikabaki. Ndipo serikali ilipoamua kuwakaribisha watalii, nayo ikawatoza dola 130 za Kimarekani kwa siku, fedha nyingi sana kwa wakati ule.

Kwa nini ghali hivyo? Viongozi walikuwa wametazama kwa jirani. Mji wa Kathmandu, huko Nepal, ulikuwa umejaa vijana kutoka Ulaya na Marekani waliosafiri kwa fedha kidogo, wakakaa muda mrefu, na kuifanya bangi kuwa ndiyo sababu ya safari. Bhutan ilitaka wageni wachache wenye kuacha fedha nyingi. Tena kulikuwa na hofu nyingine, kubwa kuliko ya bangi. Mwezi wa Mei 1975 ufalme jirani wa Sikkim ulifutwa, ukawa jimbo la India. Huko Sikkim wenyeji wa asili walikuwa wamekwisha kuzidiwa kwa idadi na watu wenye asili ya Nepal. Wakubwa wa Thimphu waliliona jambo hilo kwa macho yao, na hawakulisahau.

Hata mlango wenyewe haukuwa mikononi mwao kabisa. Mtalii wa miaka ya sabini alifika kwa barabara kupitia India, na njia ile ilihitaji kibali cha serikali ya India. Ndege ya shirika la taifa, Drukair, ilipoanza safari zake kati ya Paro na Calcutta mwezi wa Februari 1983, Bhutan ilipata mlango ambao ufunguo wake iliushika yenyewe.

Jinsi mlango huo ulivyofanya kazi kwa miaka mingi ni jambo la kutazamwa kwa makini. Mtalii hakwenda ubalozini kuomba viza. Alimwandikia wakala aliyesajiliwa nchini Bhutan, akapeleka fedha za safari nzima kwa njia ya benki, na wakala akamwombea kibali Thimphu. Kibali kilipotoka ndipo shirika la ndege lilipokubali kumchukua, na viza yenyewe ikapigwa mhuri katika pasipoti baada ya kutua Paro. Kiwango cha chini kilipanda hatua kwa hatua mpaka kufikia dola 250 kwa siku katika miezi ya wageni wengi. Ndani yake mlikuwa na chumba, chakula, gari na mwongozaji wa lazima, pamoja na dola 65 zilizokwenda serikalini kusaidia huduma kama shule na hospitali. Watu wengi hudhani kwamba Bhutan huweka idadi ya watalii kwa mwaka. Kwa muda mrefu sasa sivyo. Bei ndiyo iliyofanya kazi ya bawabu.

Milima nayo ilihifadhiwa. Tangu mwaka 1994 ni marufuku kupanda vilele vinavyopita meta 6,000, kwa kuheshimu imani ya wenyeji kwamba huko ndiko makao ya miungu yao, na mwaka 2003 upandaji wa vilele ukakatazwa kabisa. Hivyo Gangkhar Puensum, wenye meta 7,570, umebaki mlima mrefu kuliko yote duniani ambao kilele chake hakijakanyagwa na mtu. Sisi twaliona jambo hilo kuwa la heshima.

Sasa tuigeukie nusu ya pili. Kusini mwa Bhutan waliishi watu waitwao Lhotshampa, wasemao Kinepali, ambao wazee wao walianza kuhamia huko tangu karne ya 19. Sheria ya uraia ya mwaka 1985 iliwabana. Katika sensa ya mwaka 1988 walitakiwa kuonyesha stakabadhi ya kodi ya mwaka 1958. Asiyekuwa nayo aliweza kuandikwa mgeni katika kijiji alimozaliwa. Mwaka 1989 vazi la watu wa kaskazini liliamriwa kwa wote, na Kinepali kikaondolewa katika mafunzo ya shule. Walimu wenzetu watafahamu maana yake: vitabu vilivyosomwa jana leo havina kazi, na mtoto anaambiwa kwamba lugha ya mama yake si ya darasani. Yalifuata maandamano, kisha ukandamizaji, na tangu mwisho wa mwaka 1990 watu zaidi ya 100,000 waliishia katika kambi za wakimbizi mashariki mwa Nepal. Serikali ilidai kwamba wengi wao walihama kwa hiari au hawakuwa raia. Sisi hatuoni kwamba watu wengi kiasi hicho huacha mashamba na nyumba zao kwa hiari.

Neno letu mgeni humtaja aliyealikwa, na pia humtaja asiyejulikana. Bhutan ilijifunza kumhudumia vizuri yule wa kwanza katika miaka ileile ilipokuwa ikiwageuza watu wake kuwa wale wa pili, na hofu iliyoongoza mambo yote mawili ilikuwa moja.

Mengine ni ya karibuni. Mwaka 2019 waliingia wageni zaidi ya 315,000, na takriban robo tatu walitoka nchi jirani, hasa India, ambao hawakutozwa ushuru ule. Mwaka 2020 ilipitishwa sheria ya kuwatoza nao ngultrum 1,200 kwa siku. Baada ya mipaka kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, nchi ilifunguliwa tena Septemba 2022 kwa ushuru wa dola 200, bila chumba wala chakula. Wageni wakapungua, wenye hoteli wakalalamika, na mwaka mmoja baadaye ushuru ukateremshwa hadi dola 100.

Wakimbizi wale walianza kupelekwa nchi nyingine mwishoni mwa mwaka 2007, wengi wao Marekani, na maelfu wamekuwa raia huko. Mmoja wao akitaka leo kukitazama kijiji alichozaliwa, kanuni humhesabu kuwa mtalii: aombe viza, na alipe dola 100 kwa kila usiku.