Njia za msituni jijini Nairobi: Hazina iliyookolewa na miguu ya raia

MKAZI wa Nairobi anayetamani kumwona mbega akiruka kutoka tawi hadi tawi hana haja ya kufunga safari ya mbali. Matatu zinazopita barabara za Limuru na Kiambu zitamshusha karibu na malango ya msitu wa Karura, na hatua chache tu baada ya lango, kelele za magari huanza kumezwa na sauti za ndege.

Ni miji michache duniani iliyojaliwa neema hii. Ingawa Nairobi iko karibu na ikweta, imejengwa katika mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Isitoshe, jiji limekaa mahali ambapo misitu ya nyanda za juu, upande wa kaskazini na magharibi, inakutana na nyika inayotanda kusini na mashariki. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kumtazama kima asubuhi na simba jioni bila kuvuka mpaka wa kaunti.

Hata hivyo, hazina hii haikusalia kwa bahati. Kila njia anayoipita mgeni leo ina historia yake, na baadhi ya njia hizo nusura zigeuke kuwa ua wa nyumba za watu binafsi.

Karura

Msitu huu wenye zaidi ya hekta 1,000 ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Barabara ya Limuru imeugawa, na sehemu ya magharibi hujulikana kama Sigiria. Una njia za zaidi ya kilomita 50 kwa wanaotembea, wanaokimbia na waendesha baiskeli. Kwenye njia panda kuna vigingi vyenye nambari, hivyo mwenye ramani hapotei kwa urahisi.

Wageni wengi hupendelea kuteremka hadi kwenye maporomoko ya maji, kisha kufika kwenye mapango ambayo, kwa mujibu wa simulizi za wenyeji, yaliwahi kuwasitiri wapiganaji wa Mau Mau. Ndani ya msitu pia kuna tanuri kuukuu ambamo Benki Kuu ilikuwa ikiteketeza noti zilizochakaa.

Miti ya kiasili bado ipo. Muhugu, ambao mbao zake ngumu hupendwa mno na wachonga vinyago, husimama kando ya mzeituni mwitu. Mikaratusi nayo ni mgeni aliyeletwa wakati wa ukoloni.

Miongoni mwa wanyama wamo pongo, paa wadogo, nguruwe mwitu, nungunungu, kanu na fungo, ingawa wengi wao hutoka usiku. Mbega walirejeshwa kati ya mwaka wa 2014 na 2016, walipohamishwa kutoka Kipipiri, Nyandarua. Mnyama huyu hana kidole gumba, na mtoto wake huzaliwa akiwa mweupe pepe kabla ya kupata manyoya meusi ya wazazi wake. Kwa kuwa chakula chake kikuu ni majani, ni nadra kumwona akishuka kunyang'anya watu mkate kama afanyavyo tumbili.

Wapenzi wa ndege wasikose kumtafuta hondohondo, pamoja na turako wa Hartlaub, ndege wa buluu na kijani ambaye wekundu wa mbawa zake hauonekani hadi arukapo.

Vita vya Karura

Mwishoni mwa miaka ya tisini ilifichuka kuwa sehemu za msitu huu zilikuwa zimegawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Prof Wangari Maathai, mwanzilishi wa vuguvugu la Green Belt, aliongoza raia kupanda miche mahali ambapo miti ilikuwa imefyekwa. Mnamo Januari 8, 1999, yeye na wenzake walivamiwa langoni na kundi la wanaume, naye akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliandamana. Agosti mwaka huo, Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Prof Maathai alituzwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, na akafariki mwaka wa 2011.

Lakini kuokoa ardhi hakukutosha. Kwa miaka mingi Karura uliogopwa kama maficho ya wahalifu, na ni wachache waliothubutu kuingia. Mambo yalibadilika wakati Shirika la Huduma za Misitu (KFS) liliposhirikiana na wakazi waliounda chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura. Ua wa umeme ulizungushwa, walinzi wakaajiriwa, na kuanzia mwaka wa 2011 familia zikaanza kumiminika. Funzo ni kwamba msitu usiokanyagwa na raia ni rahisi kukanyagwa na matingatinga.

Bustani za katikati ya jiji

Asiye na muda mwingi anaweza kuzuru Arboretum, karibu na Ikulu. Bustani hii ya takriban hekta 30 ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kufanyia majaribio miti inayokua haraka, wakati garimoshi la reli ya Uganda lilipohitaji kuni. Leo ina zaidi ya aina 300 za miti, mingi ikiwa na vibandiko vya majina. Ni darasa zuri kwa wanafunzi.

Bustani ya City Park, mtaani Parklands, ina kipande cha msitu wa kiasili kinachokaliwa na makundi ya kima. Humo amezikwa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka wa 1965.

Msitu wa Ngong Road nao ni onyo. Umepoteza zaidi ya nusu ya eneo lililotangazwa mwaka wa 1932, na barabara ya Southern Bypass sasa inapita ndani yake.

Mbuga ya Nairobi

Mbuga hii ya kilomita mraba 117 ilifunguliwa mwaka wa 1946, ikiwa ya kwanza nchini. Ina simba, vifaru, nyati na twiga, ila haina ndovu wa porini. Hapa kutembea kwa miguu hakuruhusiwi isipokuwa katika sehemu maalumu, kama vile kwenye vidimbwi vya viboko, ambako askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huwasindikiza wageni. Karibu na lango la barabara ya Lang'ata kuna Safari Walk, njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi.

Reli ya kisasa hupita juu ya mbuga kwa daraja refu. Upande wa kusini, ambako hakuna ua, ndiko wanyama hupitia kwenda nyanda za Kitengela. Iwapo mashamba na nyumba zitaiziba njia hiyo, mbuga itageuka kuwa zizi.

Ushauri kwa mgeni

Ingia asubuhi na mapema, wakati ndege wanapolia na jua halijapanda. Misimu ya mvua, yaani Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, hufanya njia ziteleze, hivyo vaa viatu vinavyoshika ardhi. Beba maji, lakini si katika chupa ya plastiki ya kutumiwa mara moja, kwani zilipigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa mnamo Juni 2020.

Usimlishe tumbili wala kima hata akikukazia macho. Anayezoea mikate ya watu hugeuka mwizi, na hatimaye huonekana adui. Usitoke nje ya njia, usichume maua, na uulize kuhusu ada kabla ya kufunga safari.

Zaidi ya yote, nenda na watoto. Atakayeutetea msitu kesho ni yule aliyeujua akiwa mdogo.