Umeme Uliotulia: Kutoka Kaharabu Hadi Kompyuta

Somo letu la leo ni historia ya umeme uliotulia, yaani ule usiopita katika waya, bali hukaa juu ya kitu mpaka upate njia ya kutoka. Lawahusu hasa wale wanaokusudia kuunda kompyuta kwa mikono yao. Mtu aweza kudunduliza fedha miezi mingi, akanunua vipande vizima, kisha akaviua kwa kidole chake bila kuona wala kusikia lolote.

Habari hii ni ya zamani sana. Wayunani wa kale walijua kwamba kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi kama makapi. Kwa lugha yao kaharabu iliitwa elektron. Mwaka 1600 tabibu Mwingereza, William Gilbert, alionyesha katika kitabu chake kwamba kioo na vitu vingine vingi vina tabia hiyo hiyo, akaipa jina kwa kufuata kaharabu. Ndiyo asili ya jina la umeme katika lugha nyingi za Ulaya.

Mwaka 1729 Stephen Gray, Mwingereza pia, aligundua kwamba umeme husafiri. Vitu vingine huupitisha, kama madini. Vingine huuzuia, kama hariri. Shika sana jambo hili, maana ndilo mzizi wa kinga yetu.

Kwa watu wengi cheche ya kidole ilibaki kichekesho tu. Mambo yaligeuka mwaka 1960, Mohamed Atalla, mzaliwa wa Misri, na Dawon Kahng, mzaliwa wa Korea, walipotangaza transista ya namna mpya waliyoitengeneza katika maabara ya Bell huko Marekani. Ndani yake mna utando mwembamba mno, wa jamii ya kioo. Umeme ukizidi, hutoboa utando huo, na transista imekwisha. Leo chipu moja ya kompyuta yaweza kuwa na mabilioni ya transista za jamii hiyo.

Kisha, Januari 1975, gazeti la Popular Electronics la Marekani liliwatangazia wasomaji kompyuta ya Altair 8800, iliyouzwa hata kwa vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Hivyo hatari ya kiwandani ikaingia nyumbani.

Sasa pima mwenyewe. Kwa kawaida mtu hausikii mpigo wa umeme huu mpaka ufike kadiri ya volti 3,000. Lakini vipo vipande vinavyoharibika kwa volti zisizofika 100. Tena kipande chaweza kujeruhiwa tu, kikafanya kazi leo, kikafa baada ya miezi, nawe ukamlaumu muuzaji bure.

Umeme huu huzaliwa kwa msuguano: viatu juu ya zulia, nguo za nailoni mwilini. Pwani penye unyevu hupungua. Bara wakati wa kiangazi, hewa ikikauka, huzidi.

Basi fanya hivi. Chomoa waya wa umeme mkuu. Fanya kazi juu ya meza ya mbao, mbali na zulia. Vaa mkononi ukanda maalumu, uubane kwenye chuma kitupu cha kasha la kompyuta. Usipokuwa nao, gusa chuma hicho kabla ya kushika kipande chochote, na urudie mara kwa mara. Mwili wako na kasha vitakuwa sawa kwa umeme, wala hapatakuwa na cheche. Kila kipande kikae katika mfuko wake mpaka zamu yake ifike. Kishike kwa kingo, usiguse miguu yake ya madini.

Maswali ya kujadiliana:
1. Gray aligundua nini, na ugunduzi huo watusaidiaje?
2. Kwa nini kipande kilichojeruhiwa ni kibaya kuliko kilichokufa mara moja?
3. Mahali mnapokaa, ni miezi ipi ya kujihadhari zaidi?