Mbegu pekee haziwatoshi kasuku wadogo

WAFUGAJI wengi wa kasuku wadogo, maarufu kama baji, huamini kwamba kibakuli kikijaa mawele basi ndege ameshiba. Imani hiyo ndiyo inayowafupishia ndege hawa maisha. Baji anayetunzwa vyema huweza kuishi miaka 5 hadi 10, na baadhi yao huipita. Anayelishwa mbegu kavu pekee aghalabu hufa mapema kwa maradhi ya ini, uvimbe wa tezi ya shingoni au upungufu wa vitamini A, huku mwenyewe akidhani kwamba kilichomuua ni baridi.

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kama vile Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu, kosa hilo ni rahisi kurekebishwa kwa kuwa mboga anazohitaji ndege huyu huuzwa sokoni kila siku. Hata hivyo, zao jingine linalostawi mno katika eneo hilohilo, yaani parachichi, ni sumu kwake. Mfugaji hana budi kuyajua mambo haya mawili kabla ya kununua tundu.

Asili na mahitaji yake

Baji ni kasuku wa Australia. Mtaalamu wa ndege wa Uingereza, John Gould, alirejea kwao na baji walio hai mnamo 1840, na kutoka Ulaya ufugaji wake ukaenea ulimwenguni. Porini, ndege hawa huruka mwendo mrefu kwa makundi wakitafuta maji na mbegu za nyasi, nyingi zikiwa bado hazijakauka. Baji wa tunduni hapati mazoezi hayo wala mbegu hizo mbichi. Kwa hivyo, mafuta anayokula hujikusanya mwilini, ilhali vitamini na madini humpungukia.

Baji wa kawaida ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. Kiasi cha kijiko kimoja na nusu hadi viwili vya chai vya mbegu kwa siku humtosha. Mawele na wimbi, nafaka zinazokuzwa katika nyanda kavu za Mbeere na Tharaka, ni msingi mzuri kwa kuwa hazina mafuta mengi. Alizeti na njugu zina mafuta tele, na yafaa ziwe kitu cha kumbembelezea ndege mara mojamoja, wala si chakula cha kila siku.

Mfugaji asiyeweza kupata chembe za chakula mchanganyiko zilizotengenezewa kasuku anaweza kuifanya mbegu kuwa takribani nusu ya lishe. Nusu ya pili iwe mboga na mbegu zilizochipuzwa, pamoja na kipande kidogo cha tunda. Chakula cha vifaranga vya kuku hakifai kuwa badala yake. Kilitengenezewa kuku, na baadhi ya aina zake hutiwa dawa za kuzuia maradhi ya kuku.

Mboga za sokoni

Sukuma wiki, brokoli, karoti iliyoparuzwa, malenge na pilipili hoho ni mboga bora kwa baji. Kati ya hizo, karoti na malenge humpa vitamini A kwa wingi. Upungufu wa vitamini hiyo hudhoofisha utando wa pua, koo na mapafu, na ndege akawa mwepesi wa kushikwa na maradhi ya kupumua. Spinachi na terere zitolewe kwa uchache kwa kuwa zina asidi inayozuia mwili kuitumia kalisi. Mboga zote zioshwe vyema ili kuondoa mabaki ya dawa za kunyunyizia mimea, na masalio yaondolewe tunduni kabla ya kuchacha.

Matunda kama papai, embe na tofaa yatolewe kidogo kwa sababu ya sukari. Mbegu za tofaa ziondolewe kwanza, kwani zina kemikali inayogeuka kuwa sumu.

Kuchipuza mbegu hakugharimu chochote. Mawele hulowekwa usiku kucha, yakasuuzwa, kisha yakaachwa kwenye chujio hadi ncha nyeupe zichomoze. Huchukua siku moja au mbili, na hata zaidi katika baridi ya Julai. Yanaposuuzwa kila asubuhi na jioni hayaoti kuvu. Yakinuka, yatupwe.

Kalisi na iodini

Mbegu kavu zina kalisi kidogo mno. Jike anayetaga bila kalisi ya kutosha huweza kukwamwa na yai na kufa. Pasipo mfupa wa ngisi, ambao huuzwa katika baadhi ya maduka ya wanyama, ganda la yai la kuku lililochemshwa kwa dakika 10, likakaushwa na kusagwa, hufaa. Yai lenyewe lililochemshwa likakauka vyema, kiasi cha ncha ya kijiko, huwasaidia ndege wanaolea makinda au wanaobadilisha manyoya.

Iodini nayo ni muhimu. Inapokosekana, tezi ya shingoni huvimba na kulibana koo, na ndege akaanza kukoroma au kucheua chakula. Dawa yake si chumvi ya mezani, kwani chumvi humdhuru. Daktari wa mifugo ndiye anayepaswa kuamua kiasi cha iodini cha kumpa.

Visivyofaa kabisa

Parachichi ndilo la kuogopewa zaidi. Lina kemikali iitwayo pasini, ambayo huudhuru moyo wa ndege na kumuua kwa muda mfupi. Wakati wa mavuno, tundu lisiwekwe mahali ambapo watoto hula parachichi, wala ndege asitundikiwe tawi la mti huo.

Kahawa, chai, chokoleti, pombe na vitunguu pia ni mwiko. Githeri au mukimo uliotiwa chumvi na vitunguu usimwagwe tunduni kama makombo. Maharagwe makavu yasiyopikwa ni hatari vilevile.

Mbegu zenye kuvu zitupwe bila kusita. Mnamo 1960, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa unga wa njugu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo hiyo iliwaua watu 125 nchini Kenya waliokula mahindi yaliyoharibika, wengi wao katika Makueni na Kitui. Katika msimu wa mvua ndefu, mbegu za ndege zihifadhiwe ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, na zinunuliwe kidogo kidogo.

Hila ya maganda

Baji humenya mbegu na kuyaacha maganda ndani ya kibakuli. Mtu akitupa jicho huona chakula tele, kumbe ni makapi matupu. Ndege mdogo kiasi hiki anaweza kufa akikosa chakula kwa siku mbili. Maganda yapulizwe kila asubuhi, mbegu mpya ziongezwe, na maji yabadilishwe kila siku.

Ndege aliyezoea mbegu huenda akakataa mboga kwa wiki kadhaa. Asilazimishwe kwa njaa. Jani la sukuma wiki lililoloweshwa litundikwe tunduni asubuhi, na mbegu zipunguzwe polepole huku akipimwa kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Baji wa gramu 35 aliyepoteza gramu tatu na nusu amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na yapasa apelekwe kwa daktari bila kuchelewa.

Ndege huficha ugonjwa hadi nguvu zimwishie. Anayejikunyata manyoya yakiwa yamefura mchana, anayetikisa mkia kila apumuapo, au ambaye kinyesi chake kimebadilika, tayari ni mgonjwa. Mfugaji amkinge na baridi na kumwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo, akimweleza bila kuficha yote ambayo ndege huyo amekuwa akilishwa.