Ngoma, Mnong'ono na Kinanda cha Umeme

Mwaka 1939 mafundi wa simu na wa redio huko Marekani walipatana juu ya mita moja ya kupimia nguvu ya sauti, iitwayo VU. Sindano yake huchukua kama sehemu tatu za kumi za sekunde kufika mahali pake, nayo ilifanywa nzito hivyo kwa makusudi, ili ifuate mwendo wa maneno na nyimbo zipitazo katika nyaya. Ngoma haikuwamo katika hesabu hiyo. Pigo la fimbo juu ya ngozi hufika kilele chake na kuanza kushuka kabla sindano haijanyanyuka sawasawa, hata fundi akadhani kwamba ana nafasi tele, kumbe utepe umekwisha kulemewa.

Kwa watu wa nyanda za juu zilizo mashariki ya Ziwa Tanganyika jambo hili si dogo. Makere iko njiani baina ya Kasulu na Kibondo, na mpaka wa Burundi hauko mbali nayo. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno, wasemaji wake wakaelewana pasipo mkalimani. Pande zote mbili mtawala aliitwa mwami, na katika Kirundi neno *ingoma* ni ngoma na tena ni utawala. Tanganyika iliyafuta madaraka ya watawala wa jadi mwaka 1963. Ufalme wa Burundi ukapinduliwa Novemba 1966. Mwaka uliofuata, 1967, Michel Vuylsteke alinasa nyimbo na ngoma za Burundi, na kazi yake ikatolewa katika santuri ya Ocora, Ufaransa. Basi ngoma zilizokuwa za mwami ziliingia katika utepe mwaka mmoja tu baada ya mwami kuondoka.

Katika santuri hiyohiyo mna kitu kilicho kinyume cha ngoma: mtu akinong'ona huku akipiga inanga, chombo cha nyuzi zilizotandikwa juu ya ubao uliochongwa kama sinia refu. Mnong'ono na ngoma katika sahani moja ni mtihani kamili wa ufundi huu. Maikrofoni hutoa umeme wa milivolti chache tu, ambao sharti ukuzwe hadi kiasi cha volti 1.23 katika mitambo ya studio kubwa, au karibu volti 0.32 katika vyombo vya nyumbani. Uvumi wowote unaoingia katika hatua ya kwanza hukuzwa tena na kila hatua inayofuata, wala hakuna kitasa cha mbele kiwezacho kuutenga na sauti yenyewe. Kwa hiyo mnong'ono hutaka ukuzwe sana pale mlangoni, na maikrofoni ikaribie mdomo. Ngoma hutaka kinyume chake: kitasa kishushwe na maikrofoni irudi nyuma. Anayekosea mlangoni hawezi kujirekebisha sebuleni.

Sintesaiza ilikuja na desturi nyingine kabisa. Robert Moog alianza mwaka 1964 kutengeneza visanduku vilivyounganishwa kwa nyaya, na mpigaji mwenyewe ndiye aliyeamua sauti ipite wapi. Katika Minimoog ya mwaka 1970 njia ilikwisha kupangwa ndani: vizalisha sauti vitatu, kisha kichanganyio, kisha kichujio, kisha kikuzaji. Sauti hiyo haikupata kupita hewani kabla ya kufika kwenye spika. Haina chumba, haina umbali, wala haihitaji maikrofoni, nayo hutoka ikiwa na nguvu tayari. Ikiwekwa kando ya inanga bila mpango, huimeza.

Mwaka 1971 ilitoka santuri iliyoitwa "Burundi Black", ambamo ngoma za 1967 zilipandishiwa vyombo vya Kizungu. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa Burundi Steiphenson Black, yaani nchi ya wapiga ngoma na jina la Mzungu. Mwaka 1975 Joni Mitchell alizitumia katika wimbo wake "The Jungle Line", pamoja na Moog na gitaa. Kazi hii ya pili ni bora kuliko ya kwanza, kwa kuwa ngoma zimeachwa mbele na Moog ikavuma pamoja nazo bila kuzifunika. Lakini huko Marekani zilitajwa kuwa ngoma za wapiganaji, jambo ambalo lingemshangaza mtu yeyote wa ikulu ya mwami. Tena hakuna aliyeweza kuinua ngoma moja na kushusha nyingine. Zilifika zikiwa zimekwisha kuchanganywa, na uamuzi wa mlangoni ulikuwa wa 1967.

Neno letu la kinanda limesafiri pia. Katika kamusi za karne ya 19 ni chombo cha nyuzi. Baadaye likachukua santuri, na sasa mtu akilitaja kanisani haulizwi zaidi, ni kile cha funguo na umeme. Karibu na Makere iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo na kupokea Warundi wengi tangu 2015. Kwa hiyo mwenye kinanda na kompyuta nyumbani kwake Makere si lazima azitafute ngoma hizo katika santuri ya Paris.

Atapata shida za kwake. Kasulu na Kibondo ziliishi miaka mingi kwa umeme wa jenereta za dizeli, na umeme wa nyumba, ambao ni wa hezi 50, huingia katika nyaya ukivuma iwapo kinanda na kompyuta vimeshika ardhi kwa njia mbili tofauti. Utepe ulipolemewa ulikwaruza kwa upole. Kompyuta hukata kilele cha sauti papo hapo. Hata hivyo, kinasa cha biti 24 kina nafasi kubwa kiasi kwamba pigo kali kabisa laweza kuachwa desibeli 12 chini ya ukomo bila uvumi kusikika, na mita zake huonyesha kilele chenyewe, kile ambacho sindano ya 1939 ilikikosa.

Kilicho muhimu zaidi ni njia. Katika kundi la ngoma za Burundi, inkiranya husimama katikati na kuongoza. Amashakwe hushika mapigo yasiyobadilika. Ibishikizo hufuata inkiranya. Katika utepe wa zamani zote zilipita katika mlango mmoja. Studio ya nyumbani yenye milango minne yaweza kuipa inkiranya maikrofoni yake, amashakwe yao na ibishikizo yao, kisha kinanda kikaingia kwa waya katika mlango wa nne, kikuzaji chake kikiwa kimeshushwa, na kikawekwa mwisho, baada ya inkiranya kusikika vyema.