Ng'ombe wa Singida na mali ya mjini

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo inatuonya tusigawe nguvu zetu ovyo. Lakini mfugaji wa zamani wa Singida angeigeuza. Angesema: ndiyo maana nashika mbili, moja ikiponyoka, nyingine ninabaki nayo. Juma hili nataka tumsikilize mzee huyu, maana elimu yake inatuhusu sana sisi wa mjini.

Singida ni nchi kame. Mvua ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, nayo hunyesha kwa ubaguzi: kijiji hiki kinapata, kile cha ng'ambo ya kilima kinakosa. Wanyaturu na Wanyiramba hawakuwa wakulima watupu wala wafugaji watupu. Walilima uwele na mtama, wakafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Samadi ilirutubisha shamba. Mwaka wa neema nafaka iligeuzwa mifugo. Mwaka wa njaa mifugo iligeuzwa nafaka.

Tena mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi lake. Wengine aliwapeleka kwa ndugu, mashemeji na marafiki wa vijiji vya mbali. Mtunzaji alipata maziwa na samadi. Ng'ombe na uzao wao walibaki mali ya mwenyewe. Maradhi yakiingia zizi moja, au malisho yakikauka upande mmoja, mzee hakufilisika. Maziwa aliyoyakosa ndiyo bei aliyolipa kwa usalama wake. Majirani zao Wagogo nao walikuwa na desturi kama hiyo.

Mwaka 1952 Mmarekani mmoja, Harry Markowitz, aliandika makala akieleza jambo hili kwa hesabu. Alionyesha kwamba usalama wa mali hautokani na wingi wa vitu tu, bali na jinsi vitu hivyo vinavyopanda na kushuka. Vikishuka vyote pamoja, wingi wake haukusaidii kitu. Mwaka 1990 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Nasi tusiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Mpango wao ulikuwa na mpaka, na historia iliuonyesha kwa ukatili. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuteketeza ng'ombe karibu kila mahali. Kuwa na ng'ombe vijiji vitano kulisaidia nini, ikiwa vijiji vyote vitano vina sotoka? Aliyekuwa na ghala la mtama ndiye aliyekuwa na pa kushika, kwa sababu sotoka haili mtama. Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Katika nchi ya kati, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nayo ikakataa. Pale kila nguzo ilianguka kwa mpigo mmoja, na Ugogo ikakumbwa na njaa kuu inayokumbukwa kwa jina la Mtunya.

Miaka 30 baadaye Waingereza walikuja na mradi wa karanga. Walichagua Kongwa, iliyokuwa katika Jimbo la Kati pamoja na Singida, halafu Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Kwa macho, mradi ulikuwa umetawanywa sehemu tatu. Kwa kweli lilikuwa zao moja, chini ya shirika moja, kwa mitambo ya aina moja. Kongwa udongo ulikuwa mgumu na mvua haba, na mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mradi huo, ikiwa imepoteza pauni milioni 36.

Sasa tuje mjini. Mtu anapata kiinua mgongo chake, ananunua daladala tatu, zote za njia moja. Anajisifu kwamba ametawanya mali. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza katika Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, daladala za njia hiyo ziliondolewa na kupelekwa kwingine. Mwenye moja na mwenye tatu walipata barua ile ile.

Mkulima wa Singida wa leo analijua hilo. Ana alizeti, na uani ana kuku wa kienyeji. Mdondo unaoua kuku hauui alizeti, wala bei ya mbegu ikianguka haiangushi kuku.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usihesabu tu una vitu vingapi. Jiulize: ni balaa gani moja linaloweza kuviondoa vyote siku moja? Ukilipata jibu, peleka sehemu ya mali yako mahali ambapo balaa hilo halifiki: kiwanja, hati fungani za serikali, hisa, au mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya wenye akiba ndogo. Faida yako ya mwaka mzuri itapungua kidogo. Hayo ndiyo maziwa aliyokunywa rafiki wa yule mzee, naye hakuyaonea uchungu.