Dizeli ikikatika: pima umeme kabla ya kununua pampu

Land Rover Defender 200Tdi ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 inaweza kuzimika ghafla ikiwa na mzigo, stata ikazunguka bila injini kuwaka. Si lazima pampu ya injekta iwe imekufa. Kwenye pampu hiyo kuna solenoidi ya volti 12. Ikikosa umeme, hufunga njia ya dizeli.

Ufunguo ukiwashwa, solenoidi hulia "tak". Isipolia, waya wake upimwe kwa taa ya testa. Taa isipowaka, hitilafu iko kwenye waya, viungo au swichi. Ikiwaka, solenoidi ndiyo mbovu, nayo hubadilishwa bila kununua pampu nzima.

Waya wa muda kutoka betri unaweza kulifikisha gari gereji, lakini ufunguo hautazima injini mpaka waya huo uchomolewe.