Jiko la Chuma katika Nyumba ya Baridi

Katika mashamba ya Uingereza, ambako nyumba nyingi za kale zimejengwa kwa mawe mazito yasiyopata joto upesi, mtu anayetafakari kuweka jiko kubwa la chuma katika chumba chake cha kupikia hukabili suala lililowashughulisha mababu zake kwa zaidi ya karne mbili: je, moto uwe wa kupikia tu, au uwe pia wa kuipasha nyumba joto?

Zamani watu hao walipika juu ya moto wazi chini ya dohani pana, na sehemu kubwa ya hari ikapaa pamoja na moshi. Mwaka 1709 Abraham Darby, katika kijiji cha Coalbrookdale, alifaulu kuyeyusha madini ya chuma kwa makaa ya mawe yaliyokwisha kuokwa, badala ya makaa ya miti; na kutokana na fani hiyo chuma cha kusubu kikaja kuenea. Karne hiyo ilipokaribia kwisha, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani aliyefahamika zaidi kwa lakabu ya Count Rumford, alibainisha kwamba moto uliozingirwa na kupimiwa hewa hupika chakula kingi kwa kuni chache. Mwaka 1802 George Bodley, msubu chuma wa Exeter, akapata hati ya uvumbuzi wa jiko lililofunikwa juu kwa bamba la chuma. Majiko ya namna hiyo yakaenea, lakini raha yake ilinunuliwa kwa taabu ya watumishi, walioamka alfajiri kuzoa majivu na kusugua chuma mpaka king'ae.

Aliyewapunguzia watu taabu hiyo ni Gustaf Dalén, Mswidi aliyepofuka kwa mlipuko wa gesi mwaka 1912, mwaka ule ule aliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa vifaa vya kuendeshea taa za minara ya baharini. Yasimuliwa kwamba, akiwa nyumbani, alitambua jinsi mkewe alivyochoshwa na kuchochea moto; basi mwaka 1922 akatoa jiko la AGA, ambalo moto wake mdogo haukuzimwa usiku wala mchana, na hari yake ikahifadhiwa ndani ya chuma kizito kilichozungushiwa kizuizi cha joto, huku vifuniko vinene vikiizuia isipotee bure. Jiko hilo liliingia Uingereza mwaka 1929, na baadaye likawa likisubiwa Coalbrookdale kwenyewe, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2017.

Kwa hiyo asili ya jiko hili ni iktisadi, wala si fahari. Linastahili nyumba yenye baridi ambamo watu wanashinda kutwa, yenye dohani salama na sakafu iwezayo kuhimili uzito wake, na ambamo hari yake itachukua mahali pa chombo kingine cha kupashia joto. Lakini nyumba ikiwa tupu tangu asubuhi hadi magharibi, au madirisha yake yakipitisha upepo, jiko lisilozimwa huwa israfu. Kwanza nyufa na zizibwe, kisha mwenye nyumba apige hesabu ya mafuta au umeme wa mwaka mzima. Hapo ndipo atakapojua kama analihitaji jiko lenyewe, au anapenda sifa zake tu.